Busta haimfungi mtoto: jinsi ya kumchagulia kiti cha gari mtoto wa chekechea

Mtoto akifikisha miaka minne hivi, kiti chake cha gari cha udogoni huanza kumbana. Mabega yamepita matundu ya mikanda, magoti yamepanda, na kila asubuhi ya shule ni vuta nikuvute kwa sababu anataka kukaa kama wakubwa. Mzazi anaanza kutafuta busta, yaani kiti cha kumwinua mtoto ili atumie mkanda wa gari, na hapo anakutana na namba zisizopatana. Lebo moja inasema kilo 15 hadi 36. Nyingine inasema sentimita 100 hadi 150. Ya tatu, iliyokuja na mzigo wa shangazi kutoka Marekani, inasema ratili 40 na umri wa miaka 4. Muuzaji naye anashauri, "Huyu kashakua, chukua hiki kidogo cha kukalia tu." Mtoto ni yuleyule mmoja.

Namba hizo hueleweka mtu akishajua busta inafanya kazi gani. Kiti cha mtoto mdogo kina mikanda yake yenyewe, kwa kawaida ya pointi tano, na mikanda hiyo ndiyo inayomshika. Busta haina mikanda. Kazi yake ni kumwinua mtoto na kumkalisha vizuri ili mkanda wa gari, ambao ulitengenezwa kwa kipimo cha mtu mzima, umpitie mahali panapofaa. Anayemfunga mtoto ni mkanda wa gari. Kwa hiyo swali la "busta ipi ni nzuri" halijibiwi dukani. Linajibiwa ndani ya gari lako, mtoto akiwa amekaa na mkanda ukiwa umefungwa.

Mkanda unatafuta mfupa

Tuseme gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, linagonga, na linasimama baada ya bodi ya mbele kubonyea kwa sentimita 60 hivi. Mtoto wa kilo 17 aliyefungwa ndani yake atasukumwa mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 280, karibu magunia matatu ya mahindi. Hakuna mikono ya mama wala ya dada inayoweza kuuzuia mzigo huo, na ndiyo maana kumpakata mtoto garini si kumlinda. Nguvu hiyo lazima ipokelewe na sehemu fulani ya mwili, na mkanda umepangwa uikabidhi kwa mifupa: fupanyonga upande wa chini, mtulinga na kifua upande wa juu.

Mkalishe sasa mtoto wa miaka minne kwenye kiti cha nyuma bila busta. Kiti cha magari mengi kina urefu wa sentimita 45 hadi 50 kutoka egemeo la mgongo hadi ukingo wa mbele, na paja la mtoto halifiki huko. Goti halina mahali pa kukunjikia. Miguu inanyooka mbele kama ya mwanasesere, inachoka, na mtoto anajivuta mbele ili akunje magoti. Akishajivuta, mgongo unapinda na nyonga inalala kinyumenyume. Watu wazima humwambia "kaa vizuri" mara kumi kwa safari moja, lakini mtoto hana utundu hapo. Kiti ni kirefu kuliko miguu yake.

Nyonga yenyewe nayo bado ni changa. Kwa mtu mzima, ncha mbili za mbele za fupanyonga hufanya kazi kama ndoano zinazouzuia mkanda usipande. Kwa mtoto wa umri huu ncha hizo ni butu na hazijakomaa, na huchukua miaka kadhaa zaidi kuwa imara. Mkanda wa kiunoni ambao tayari umelala tumboni hauna cha kuuzuia. Gari likisimama ghafla, mtoto huteleza chini yake na mkanda huzama kwenye tumbo laini. Utumbo unaweza kupasuka, ini na bandama huumia, na uti wa mgongo hukunjika juu ya mkanda hadi pingili ya kiuno kuvunjika. Alama inayoonekana nje huwa ni mchubuko mmoja tu unaokata tumbo kutoka upande hadi upande. Mtoto mwenye alama hiyo baada ya ajali apelekwe hospitali hata kama anatembea na kucheka, maana utumbo uliotoboka unaweza kuchukua saa nyingi kabla ya kuonyesha dalili.

Juu nako kuna shida yake. Mkanda wa begani humkata shingoni, unamkereketa, naye anautoa: anaupitisha chini ya kwapa au anautupa nyuma ya mgongo. Ukiwa nyuma ya mgongo, kifua hakina kizuizi na kichwa kinakwenda kugonga kiti cha mbele au magoti yake mwenyewe. Ukiwa chini ya kwapa, unazibana mbavu za chini, palepale ini na bandama zilipo.

Busta hurekebisha yote hayo kwa mpigo mmoja. Kikalio chake ni kifupi, kwa hiyo goti linakunjika. Inamwinua mtoto, kwa hiyo mkanda wa juu unahama kutoka shingoni hadi katikati ya bega. Pembe zake mbili za pembeni huushikilia mkanda wa chini ubaki mapajani. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba kwa watoto wa miaka 4 hadi 8, busta hupunguza hatari ya majeraha makubwa kwa asilimia 45 ukilinganisha na mkanda wa gari peke yake. Kwa kifaa kisicho na injini wala umeme, hilo ni jambo kubwa sana.

Kilo, sentimita na miaka

Lebo ya kilo inatokana na kanuni ya zamani ya Umoja wa Mataifa, namba 44, ambayo iligawa viti kwa makundi ya uzito. Kundi la 1 lilikuwa kilo 9 hadi 18, la 2 kilo 15 hadi 25, la 3 kilo 22 hadi 36. Busta iliyoandikwa kilo 15 hadi 36 ni ya makundi ya 2 na 3 yakiunganishwa.

Lebo ya sentimita inatokana na kanuni mpya, namba 129, iliyoanza kutumika mwaka 2013, ambayo wengi wanaijua kwa jina la i-Size. Hii inapima urefu, na ina mantiki, kwa sababu mkanda haujui kilo. Kinachoamua utapita wapi ni kimo cha bega na mahali nyonga ilipo. Kanuni hii pia inadai kiti kijaribiwe kwa ajali ya ubavuni, jaribio ambalo kanuni ya 44 haikulidai. Viti vya kanuni ya 44 viliacha kutengenezwa kwa soko la Ulaya Septemba 2023, na maduka ya huko yakaacha kuviuza Septemba 2024. Aliye nacho kizima anaweza kuendelea kukitumia. Anayenunua kipya achukue cha 129.

Ratili 40, ambazo ni kilo 18, pamoja na miaka 4, ni lugha ya Marekani. Huko busta nyingi haziruhusu mtoto chini ya hapo. Madaktari wa watoto wa Marekani walipotoa ushauri wao wa mwaka 2018 walisema mtoto abaki kwenye kiti chenye mikanda yake mpaka afike kikomo cha kiti hicho, kisha aende kwenye busta mpaka afikie sentimita 145 hivi, jambo ambalo kwa wengi hutokea kati ya miaka 8 na 12.

Kati ya kilo 15 za Ulaya na kilo 18 za Marekani, ipi ifuatwe? Ya Marekani. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto uone. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani (WHO), mvulana wa wastani mwenye miaka 4 ana kilo 16.3 na sentimita 103.3, na msichana ana kilo 16.1 na sentimita 102.7. Kwa hiyo wapo watoto wengi wa miaka mitatu na ushee ambao tayari wana kilo 15. Kwa lebo ya zamani wanaingia kwenye busta. Kwa mwili na tabia hawajafika. Wakifika miaka 5, wastani ni kilo 18.3 kwa wavulana na 18.2 kwa wasichana, urefu sentimita 110 na 109.4. Hapo kilo, kimo na akili ya kutulia vinaanza kukutana.

Namba ya chini ya lebo inaeleza kiti kiliruhusiwa kwa nani. Haisemi kwamba mtoto wako ahamishwe siku anayofikisha uzito huo.

Asiharakishwe

Kila hatua ya kuhama kiti inapunguza ulinzi kidogo. Mikanda ya pointi tano husambaza nguvu kwenye mabega mawili, nyonga mbili na katikati ya mapaja, na mtoto hawezi kuiteleza kirahisi hata akilala. Kwa hiyo kama kiti cha sasa bado kinamtosha, kinamtosha. Kinaacha kumtosha pale mabega yanapopita tundu la juu kabisa la mikanda, au juu ya masikio inapofika ukingo wa juu wa kiti, au anapofikia uzito au urefu wa mwisho ulioandikwa.

Hapo kwenye uzito wa mwisho kuna kosa linalojirudia sana. Viti vya "kilo 9 hadi 36" vinavyopendwa kwa sababu vinatumika miaka mingi ni viti viwili ndani ya kimoja. Mikanda yake ya ndani, kwa vingi vya kanuni ya 44, ni ya kufikia kilo 18 tu. Baada ya hapo mikanda hiyo huondolewa au hufichwa ndani ya kava, na kiti kinageuka busta inayotumia mkanda wa gari. Mzazi akiendelea kumfunga mtoto wa kilo 22 kwa mikanda ya ndani, anavitwisha viungo na vishikizo vya kiti mzigo ambao havikujaribiwa kuubeba. Kwa viti vya 129 vinavyofungwa kwa ISOFIX, yaani vyuma maalumu vya gari vya kushikia kiti cha mtoto, na kumshika mtoto kwa mikanda ya ndani, sheria ni kwamba mtoto na kiti kwa pamoja visizidi kilo 33. Kiti cha kilo 14 kimebakiza kilo 19 kwa mtoto, hata kama anaonekana bado anaenea.

Tabia nayo ni kipimo. Mtoto kwenye busta analindwa endapo tu atakaa mahali alipowekwa. Anayejifungua mkanda, anayeinama kuokota mdoli, anayegeuka kumchokoza mdogo wake, au anayelala akiangukia ubavuni mpaka mkanda unatoka begani, bado ni wa mikanda ya pointi tano. Mkalishe kwenye busta gari likiwa limesimama nyumbani, mkanda umefungwa, dakika ishirini hivi huku mnapiga hadithi. Utajua.

Yenye mgongo au ya kukalia tu

Hapa ushauri wa muuzaji wetu unakataliwa. Kwa mtoto wa chekechea, nunua busta yenye mgongo na mbawa za kichwa. Huo mgongo una kazi tatu ambazo kikalio peke yake hakiwezi kuzifanya. Una tundu la kuongoza mkanda wa begani, linalopanda na kushuka kadiri mtoto anavyokua, kwa hiyo mkanda unampitia begani bila kujali mkanda wa gari umefungwa juu kiasi gani kwenye nguzo. Una mbawa zinazopunguza kipigo gari likigongwa ubavuni. Na unamshikilia anaposinzia. Hili la usingizi wengi hulipuuza mpaka safari ya kwanza ndefu, Dar hadi Moshi au Nairobi hadi Mombasa, ambapo mtoto analala saa nzima akiwa amening'inia nje ya mkanda.

Kanuni zenyewe zimefuata njia hiyo. Tangu mwaka 2017, busta mpya zisizo na mgongo zinaidhinishwa kwa watoto wa kuanzia sentimita 125 tu, na za kanuni ya 44 zilitakiwa pia kuwa za kuanzia kilo 22. Sentimita 125 ni mtoto wa miaka 7 au 8. Kikalio kilichotengenezwa kabla ya hapo kinaweza kuwa na lebo ya kilo 15, na lebo hiyo si ya uongo, ila ujuzi umeipita.

Jihadhari zaidi na vile vikalio vyepesi mno, povu lililovikwa kitambaa, visivyo na pembe ngumu za kushika mkanda wa chini. Hivyo vinainua tu. Mto wa kochi, blanketi lililokunjwa na khanga mbili chini ya makalio ni vibaya zaidi: gari likigonga, mto unabonyea na kuteleza, mtoto anashuka, na mkanda uliokuwa umekaa vizuri unabaki juu, tumboni. Vipo pia vibanio vidogo vinavyouzwa vya kuvutia mkanda wa begani chini kuelekea kiunoni ili usimkate mtoto shingoni. Vinaondoa kero kwa kuuvuta mkanda wa chini upande tumboni, ambalo ndilo jambo tunalolikimbia.

Kabla ya duka, kagua gari

Fungua mlango wa nyuma utazame mikanda. Busta hutumika na mkanda wa pointi tatu tu, ule unaopita kiunoni na begani. Magari mengi ya zamani kutoka Japani yana mkanda wa kiunoni pekee katikati ya kiti cha nyuma. Hapo busta isiwekwe kabisa. Ukimwinua mtoto bila mkanda wa begani, umempandisha kichwa kiwe na nafasi kubwa zaidi ya kurushwa mbele. Matatu na daladala zenye mikanda mara nyingi huwa nayo ya kiunoni, kwa hiyo busta si ya huko. Ukiwa na mahali penye mkanda wa kiunoni pekee na hakuna pengine, tafuta kiti chenye mikanda yake ambacho kitabu chake kinaruhusu kufungwa kwa mkanda wa namna hiyo, au mfunge mtoto mkanda wa kiunoni chini kabisa mapajani, bila kumwinua.

Kisha angalia kama mkanda unatoka na kurudi wenyewe vizuri. Mkanda uliolegea kwa uzee, unaobaki nje kama utambi, hautamkaza mtoto. Peleka gari kwa fundi kabla hujatumia shilingi kwenye busta. Vuta pia mkanda wote mpaka mwisho, kisha uuachie taratibu. Kwenye baadhi ya magari utasikia mlio wa tik-tik-tik na mkanda hautakubali kutoka tena mpaka urudi wote ndani. Hiyo ni hali ya kufunga viti vya watoto vyenye mikanda yake. Kwa busta haitakiwi, kwa sababu kila mtoto anapojigeuza mkanda unazidi kumbana bila kulegea. Uache urudi wote, utaanza upya ukiwa huru.

Tafuta na vyuma vya ISOFIX: vyuma viwili vyembamba, unene wa milimita 6, vilivyojificha kwenye mfereji kati ya kikalio na egemeo la mgongo, umbali wa sentimita 28. Japani ilivifanya kuwa lazima kwa magari mapya kuanzia Julai 2012, ingawa magari mengi ya kabla ya hapo yanavyo. Kwa Kenya, ambako gari la mtumba haliruhusiwi kuingia likiwa limezidi miaka 8, magari yanayoingia sasa yanapaswa kuwa navyo. Tanzania, yenye magari mengi ya miaka ya 2000, ni kuingiza vidole ukapapase. Kikwazo kikubwa hapa kwetu ni kava. Fundi akishashona kava la ngozi juu ya kiti, vyuma hufunikwa, na wakati mwingine hata vifungio vya mikanda huzamishwa chini. Mwambie akate matundu na kuyashona kingo, na kabla hajakurudishia gari hakikisha vifungio vyote vimetoka juu.

Busta yenye ISOFIX inakaa imara, haitelezi mtoto anapopanda, na hairuki ikiwa tupu. Bado mtoto anashikwa na mkanda wa gari uleule. Kwa hiyo kukosa vyuma hivyo si sababu ya kukosa busta. Chagua isiyo na ISOFIX inayoupanga mkanda vizuri kuliko yenye ISOFIX inayoupanga vibaya.

Mahali pa kuiweka ni nyuma. Kwa nchi zinazoendesha kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda, kiti cha nyuma kushoto kinamshusha mtoto upande wa kando ya barabara. Kwa Kongo, Rwanda na Burundi ni kulia.

Kumjaribisha

Nenda dukani na gari na mtoto, na mwombe muuzaji aitoe busta ije nje. Akikataa, nenda kwingine. Busta moja hukaa vizuri kwenye Noah na vibaya kwenye IST, kwa sababu mwinamo wa kiti, urefu wa kifungio na mahali mkanda unapotokea hutofautiana.

Kwanza iweke tupu. Mgongo wake ulale kwenye egemeo la gari bila mwanya. Mara nyingi egemeo la kichwa la gari ndilo huisukuma busta mbele, basi lipandishe au lichomoe kama kitabu cha busta kinaruhusu, na ulihifadhi. Kikalio kisining'inie nje ya kiti. Kisha angalia kifungio. Busta nyingi zina upana wa sentimita 44 hivi, na kwenye gari dogo hufunika kifungio au hukilaza. Kifungio kikilala juu ya ukingo mgumu wa busta, mvuto wa ajali unaweza kukipindua kwenye ukingo huo na kukivunja. Kitakiwacho ni kifungio kinachosimama huru, na mkanda unaoanzia chini ya pembe ya busta.

Mkalishe mtoto, makalio yaguse nyuma kabisa. Pandisha egemeo la kichwa la busta mpaka tundu la mkanda liwe usawa wa bega au juu yake kidogo. Tundu likiwa chini ya bega, mkanda utalivuta bega chini. Pitisha mkanda wa begani kwenye tundu, angalia usijisokote. Shusha mkanda wa chini upite chini ya pembe zote mbili. Kwa upande wa kifungio, mikanda yote miwili, wa chini na wa begani, hupita chini ya pembe. Hapa ndipo watu hukosea zaidi: wanaupitisha wa begani juu ya pembe, unavuta wa chini, nao unapanda tumboni. Busta nyingi zina alama nyekundu kuonyesha njia, na kitabu chake ndicho cha mwisho kwa sababu zipo chache zenye njia tofauti. Funga, sikia kishindo cha kifungio, kisha vuta mkanda wa begani kuelekea juu ili uteleze na kuondoa ulegevu wote wa chini.

Sasa tazama. Mkanda wa chini uguse juu ya mapaja, bapa, mbali na kitovu. Wa juu ukate katikati ya mtulinga, kati ya shingo na ncha ya bega, na ulale kifuani bila mwanya. Magoti yakunjike ukingoni mwa busta. Mwambie ainame mbele kisha arudi: mkanda ufuate na kurudi nao wenyewe. Kwenye baadhi ya busta tundu la begani ni jembamba au lina kingo kali, mkanda unakwama na kubaki umelegea. Hiyo irudishe rafuni, hata kama bei inavutia.

Mwache pia ajaribu kujifunga mwenyewe. Mtoto wa miaka mitano anayeweza kujifunga atajifunga kila siku, na wewe utabaki na kazi ya kukagua. Asubuhi za baridi za Nairobi au Njombe, mvue jaketi nene kwanza, umfunge, kisha umfunike nalo kwa mbele. Jaketi likibonyea kwenye ajali, linaacha ulegevu ambao ulidhani umeukaza.

Ya mtumba

Wengi watanunua ya mtumba, na inawezekana kupata nzuri. Tatizo ni historia, maana kiti kilichowahi kupata ajali kinaweza kuonekana kizima. Busta ya ndugu unayemwamini, ambayo unajua ilikotoka, inaishinda ya sokoni hata kama ya sokoni inang'aa.

Igeuze chini juu. Tafuta lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 4 Uholanzi, 11 Uingereza, 43 Japani. Kwa kanuni ya 44, namba ya idhini ianze na 03 au 04. Za Marekani hazina E, zina maandishi yanayosema kiti kinatimiza viwango vya usalama vya magari vya nchi hiyo. Isiyo na lebo yoyote iache. Tarehe ya kutengenezwa mara nyingi imegandamizwa kwenye plastiki kama saa ndogo: mwaka katikati, mshale ukielekea mwezi. Watengenezaji wengi hutoa muda wa matumizi wa miaka 6 hadi 10, na gari linaloegeshwa juani Dar au Mombasa kila siku huizeesha plastiki mapema.

Vua kitambaa. Plastiki yenye mistari myeupe mahali ilipopinda imewahi kubebeshwa mzigo mkubwa. Povu gumu la ndani ya mbawa likiwa limepasuka, mbawa hizo hazina kazi tena. Hakikisha tundu la mkanda wa begani lipo, maana huvunjika na muuzaji huficha kwa kitambaa, na kwamba egemeo la kichwa linapanda na kujifunga kila hatua. Mikono ya ISOFIX ivutwe, ibonyezwe, na kionyeshi kibadilike kutoka nyekundu kuwa kijani.

Baada ya ajali yoyote yenye uzito, busta ibadilishwe, hata kama mtoto hakuwemo. Na isiyo na ISOFIX ifungwe mkanda wakati wote ikiwa tupu, kwa sababu ikiachwa huru itakuwa kitu kigumu kinachoruka kuelekea kisogo cha dereva.

Aachie lini

Miaka haiamui, na sheria hutofautiana: Uingereza ni sentimita 135 au miaka 12, kinachotangulia, na Ujerumani ni sentimita 150 au miaka 12. Kwa viwango vya WHO, sentimita 135 ni mtoto wa miaka tisa na nusu hivi, na 145 ni wa miaka 11. Kwa hiyo busta unayomnunulia wa chekechea inapaswa kumtumikia miaka mitano na zaidi, na ndiyo maana inafaa kulipia ile ambayo mgongo wake unapanda mpaka sentimita 150.

Kipimo chenyewe kinafanywa bila busta. Mgongo umegusa egemeo la gari, magoti yamekunjika ukingoni, mkanda wa chini uko mapajani, wa juu uko katikati ya bega, na anaweza kubaki hivyo safari nzima bila kujivuta mbele. Kimoja kikikosekana, busta inabaki. Na kipimo hicho kirudiwe kwa kila gari, kwa sababu mtoto huyohuyo anaweza kufaulu kwenye gari dogo la mama lenye kiti kifupi, akashindwa siku hiyohiyo kwenye Land Cruiser ya babu. Akishafika kimo cha kikalio kisicho na mgongo, hicho kikae kwenye buti kiwe kinahama naye.